TUPANGE BUSTANI TUKINGOJA MVUA

Somo: Yeremia 29:4-14

Twawasalimu ninyi mlio nyumbani mkitengeneza chai, ninyi mlio njiani kwenda kutafuta riziki, na ninyi mlio vitandani kwa sababu ya ugonjwa. Neno letu la leo limetoka katika Kitabu cha Nabii Yeremia, sura ya 29, kuanzia mstari wa 4 hadi wa 14. Aliye na Biblia karibu naye na aifungue, na asiye nayo na atege sikio.

Huu ni wakati wa kungoja. Hapa Kiamaiko miezi ya Januari na Februari ni miezi ya vumbi. Upepo hulichukua vumbi kutoka soko la mbuzi, ukalipeleka mpaka Huruma na Mathare, nalo huingia katika macho, katika nguo zilizoanikwa, na katika unga wa mama aliyeacha sufuria wazi. Mitungi ya njano hupangwa mstari mrefu penye bomba, na kila mtu hutazama juu akiuliza mvua itaanza lini. Twajua kwamba masika huja kuanzia Machi hadi Mei, na kwamba Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi. Lakini siku yenyewe hatuijui. Hata Idara ya Hali ya Hewa, inapotoa utabiri wake kabla ya masika, hutueleza tu kinachotarajiwa.

Katika nchi za kaskazini, kama Uingereza, watu nao hungoja katika miezi hii hii. Wao hungoja baridi iishe na udongo ulainike. Katika majuma hayo, mwenye kiwanja nyuma ya nyumba yake hukaa karibu na moto na karatasi na kalamu, akachora bustani yake: hapa nitapanda kabichi, hapa maua, na pale nitachimba kidimbwi kidogo cha maji. Tena jina la Kwaresima katika lugha ya Kiingereza lilitokana na neno la kale la majira hayo, majira ambayo mchana huanza kuwa mrefu. Kwa hiyo Wakristo wa kule walijifunza kumngoja Bwana katika wakati ule ule ambao mkulima alingoja udongo. Sisi hatuna theluji, tuna vumbi. Hata hivyo Kwaresima yetu pia huja katika wakati wa kungoja, nayo yatuuliza swali hili: Je, kungoja kwetu ni kwa namna gani? Twangoja tumekunja mikono, au twangoja tukitayarisha?

Wapendwa, tulipokuwa tukizungumza na kina mama wa kanisa juu ya kupanda mboga katika magunia, mama mmoja alituuliza, "Pasta, mimi nipande wapi, na hata hapa ninapolala si pangu?" Wenzake walinyamaza, kwa maana alikuwa amesema neno lililokuwa mioyoni mwao wote. Swali hilo si jepesi, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Watu wengi wa Kiamaiko ni wapangaji. Chumba si chao, ukuta si wao, na ua, kama upo, ni wa watu ishirini. Mtu amekaa hapa miaka thelathini, amezaa na kulea, na bado husema, "Mimi niko hapa kwa muda tu." Moyo wake uko mashambani, Murang'a au Siaya au Machakos au Marsabit, na huku mjini amefika tu kutafuta. Atapandaje bustani mtu ambaye hajui kama mwakani atakuwa katika ploti hii?

Basi, na tusikie habari ya watu wengine waliokuwa na swali hilo hilo. Mnamo mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza mfalme wa Babeli aliwachukua watu wengi wa Yerusalemu, pamoja na mfalme wao Yekonia, mafundi na wahunzi, akawapeleka uhamishoni. Huko walikaa kando ya mifereji na mito ya watu wengine. Hawakuwa na hekalu, hawakuwa na shamba la baba zao. Wakaishi kama watu waliofunga mizigo, wakisubiri habari ya kurudi nyumbani. Na manabii wa kuwafurahisha hawakukosekana. Sura ya 28 yatueleza juu ya mmoja wao, Hanania, aliyesimama hekaluni akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili tu nira ya Babeli itavunjwa na vitu vyote vitarudishwa. Neno hilo lilikuwa tamu sana, lakini Bwana hakumtuma.

Ndipo Yeremia akawaandikia barua. Kumbukeni, wapendwa, hii ni barua iliyotumwa kwa watu waliofukuzwa kwao. Ndani yake Bwana anawaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, waongezeke wala wasipungue. Tena anawaagiza wautakie amani mji ule walikopelekwa, na kuuombea, kwa kuwa amani ya mji ule ndiyo itakayokuwa amani yao. Kisha anawaambia ukweli mchungu: si miaka miwili, ni miaka sabini.

Twaona hapa jambo la ajabu. Mungu hakungoja mpaka watu wake wapate hati ya shamba ndipo awaambie wapande. Aliwaambia wapande katika udongo wa ugenini. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumekuwa wageni wa mji huu zaidi ya siku mbili, ndugu zangu. Siku ya tatu imefika, na Bwana mwenyewe ndiye anayetupa jembe.

Tupeleke basi neno hili katika ua zetu. Tutasema mambo matatu: mahali petu, maji yetu, na majirani wetu.

Jambo la kwanza ni mahali petu. Yeremia hakuwaambia watu wapande mizabibu ya Yuda huko Babeli. Bustani hupangwa kulingana na mahali. Sisi hatuna ekari, wala hatuna hata kiwanja cha nyuma ya nyumba kama kile cha Mwingereza. Lakini gunia tunalo. Baada ya machafuko ya mwanzo wa mwaka 2008, familia nyingi za Kibera na Mathare zilipopata shida ya chakula, shirika la Kifaransa la Solidarités lilisaidia kueneza bustani za magunia katika mitaa hiyo, na watu wakaona kwamba mahali panapotosha kusimama mtu mmoja panatosha pia kusimama mimea thelathini au arobaini.

Namna ya kulitayarisha si ngumu. Changanya karai mbili za udongo na karai moja ya samadi iliyooza vizuri. Chukua mkebe wa gorogoro uliokatwa chini na juu, usimamishe katikati ya gunia, uujaze kokoto, kisha ujaze udongo kuuzunguka. Vuta mkebe juu, ujaze tena kokoto, ujaze tena udongo, hata gunia lifike juu likiwa na nguzo ya mawe katikati yake. Hiyo nguzo ndiyo njia ya maji. Bila hiyo, maji hubaki juu, na mimea ya chini hufa kwa kiu hali ile ya juu inaoza kwa unyevu. Kisha toboa matundu ubavuni, upande miche humo, na juu uweke mingine. Sukuma wiki, spinachi, terere, managu, vitunguu vya majani na dania, zote hukubali.

Na samadi? Bwana ametupa Kiamaiko utajiri ambao mitaa mingine haina. Mbuzi wanaokuja hapa kutoka Marsabit, Isiolo, Moyale na kwingineko kaskazini huacha samadi nyingi sana. Sisi hupita tukiziba pua. Mkulima wa Murang'a akiiona atasema tunakanyaga fedha. Lakini isiwekwe mbichi, kwa maana itaunguza mizizi na kuleta magonjwa. Ni lazima irundikwe, inyunyiziwe maji kidogo, ifunikwe, na kugeuzwa mara kwa mara kwa muda wa miezi miwili mitatu mpaka iwe nyeusi na isiwe na harufu. Na hao mbuzi wenyewe, wakipita karibu na gunia lako bila mlinzi, watakufundisha upesi umuhimu wa wigo.

Sasa mwaona kwa nini tunasema haya wakati wa vumbi. Samadi inahitaji miezi. Mbegu ya sukuma wiki hukaa kitaluni wiki nne hadi sita kabla ya kuhamishwa. Yeye anayengoja tone la kwanza ndipo atafute gunia, ataanza kula majani wakati mvua inaondoka. Kupanga ni kazi ya siku za ukame. Hata jua linataka kupangiwa. Kati ya nyumba zetu za ghorofa, njia nyingine hazioni jua kutwa nzima. Basi kwa siku moja tazama ua wako asubuhi, adhuhuri na alasiri, uone ni wapi jua hukaa saa tano au sita. Hapo ndipo pa gunia. Tena ukamwombe mwenye ploti au msimamizi wake ruhusa mapema, mkubaliane mahali, ili maji ya bustani yako yasimwagikie nguo za jirani. Kwa miaka mingi kulima ndani ya mji kulihesabiwa kama kosa, lakini mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Basi tusiombe ruhusa kama wezi. Tuombe kama majirani wema.

Jambo la pili ni maji yetu. Mji huu uliitwa Nairobi kutokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, hapa palikuwa mahali pa mito na majimaji. Leo katika mji wa maji baridi mtu hununua maji kwa mtungi. Na wenye bomba nao wasijisifu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lenye uwezo wa kuweka mita za ujazo milioni 70. Mvua zilipopungua na bwawa lile likashuka, mwaka 2017 ulianza kwa mgao wa maji, na tajiri na maskini wakahesabu siku za bomba pamoja. Sisi sote, tujue tusijue, twangoja dimbwi moja, na dimbwi hilo langoja mvua ya Mungu.

Lakini na sisi twaweza kuwa na dimbwi letu dogo. Hatuwezi kuchimba lile la mita za mraba 300 kama yale ya samaki ambayo serikali iliwasaidia wakulima kuchimba kuanzia mwaka 2009. Letu ni pipa, au tangi, au mitungi mitano. Tufanye hesabu pamoja. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi kina paa la mita za mraba tisa hivi. Ikinyesha milimita 20, ambayo katika Aprili si ajabu kuipata siku moja, paa hilo limemwaga lita 180, yaani mitungi tisa ya lita 20. Hata nusu ikipotea, umebaki na mitungi minne na zaidi ambayo hukununua. Gunia moja lahitaji lita tano hivi kwa siku wakati wa jua. Haba na haba hujaza kibaba, na tone na tone hujaza pipa.

Ila tuangalie mambo haya. Maji ya mvua ya kwanza yaache yapite, kwa sababu yanaosha paa. Usitumie pipa lililokuwa na rangi au dawa za viwandani. Usichote maji ya mto wetu wala ya mitaro kumwagilia mboga, kwa maana yamebeba uchafu wa vyoo na wa viwanda, na mboga ya majani huupokea. Funika pipa kwa kitambaa chepesi au wavu, ukalifunge sana, kwa kuwa mbu huhitaji wiki moja au siku kumi tu kutoka yai mpaka kuruka. Na zaidi ya yote, tia kifuniko kizito. Mtoto mchanga aweza kufa maji katika pipa lisilojaa hata nusu, wakati mama yake ameinama hatua tatu kutoka hapo. Dimbwi lisilo na mfuniko si baraka.

Jambo la tatu ni majirani wetu, na hapa ndipo penye moyo wa barua ya Yeremia. Katika Kitabu cha Mhubiri, sura ya 2, mfalme wa Yerusalemu anaeleza jinsi alivyojifanyizia bustani na viunga, akapanda miti ya matunda ya kila namna, akachimba na mabirika ya kuinyweshea miti hiyo. Bustani na madimbwi, vyote viwili! Hakuna mtu wa Kiamaiko atakayepata bustani kama zile. Hata hivyo mwisho wa habari yake ni huzuni. Alipotazama kazi yote ya mikono yake, aliiona kuwa ni ubatili. Kwa nini? Someni sura ile tena, mhesabu ni mara ngapi anasema kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe.

Bustani ya wahamishwa ilikuwa tofauti. Walipewa amri mbili pamoja: wapande, na waitafute amani ya mji. Mtu hakuruhusiwa kuchukua ya kwanza na kuiacha ya pili. Sisi wa upande huu wa Nairobi twajua amani ya mji ni kitu gani, kwa sababu tumeona kukosekana kwake. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika Mathare na Huruma, majirani waliokopeshana chumvi walikimbiana usiku. Njia zikawa na mipaka isiyoandikwa. Wakati ule mwenye tangi kubwa na asiye na mtungi walilala na njaa sawasawa.

Kwa hiyo, mpendwa, unapopanga gunia lako, panga pia nani atakula humo. Jirani yetu wa mlango wa pili pengine ni Mborana muuza mbuzi. Yeye huamka mapema kuliko sisi kwa ajili ya sala, nasi huamka kwa ajili ya sala yetu. Mwaka 2025 Kwaresima ilianza Machi 5, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, na katika ploti nyingi Wakristo na Waislamu walifunga pamoja wakingoja mvua ile ile. Mmoja ana samadi, mwingine ana magunia, wa tatu ana paa. Je, hawa watatu hawawezi kuzungumza? Kishada cha dania kilichopelekwa kwa jirani jioni chaweza kufanya kazi ambayo mikutano mingi ya amani imeshindwa kuifanya.

Sasa, wapendwa, hatuwezi kusema habari ya kungoja mvua katika mtaa huu bila kusema kwamba wengine wetu huingoja kwa hofu. Usiku wa Aprili 29, mwaka 2016, mvua kubwa iliponyesha, jengo la ghorofa sita lililokuwa karibu na mto lilianguka kule Huruma, na watu takriban 50 wakapoteza maisha yao. Mwishoni mwa Aprili mwaka 2024 Mto Mathare ulifurika usiku, ukachukua watu na vyombo vyao. Katika nchi nzima masika ya mwaka ule yaliua watu zaidi ya 200. Na maji yalipopungua, Mei ikaleta matingatinga, na nyumba zilizokuwa kandokando ya mto zikabomolewa. Wako wanaotusikiliza leo ambao waliokoa mtoto na blanketi peke yake. Tukiwaambia hao kwamba mvua ni baraka, watatutazama tu.

Hatuna neno jepesi la kuwapa. Lakini twajua kwamba barua ya Yeremia iliandikwa kwa watu wa namna hiyo hasa, waliokwisha kubomolewa. Bwana hakuwaahidi kwamba hawatasukumwa tena. Aliwaahidi kwamba mawazo aliyo nayo juu yao ni ya amani wala si ya mabaya, na kwamba watakapomtafuta kwa moyo wote watamwona, hata huko Babeli. Walifikiri Mungu amebaki Yerusalemu pamoja na hekalu. Wakamkuta amewatangulia ugenini. Ahadi yake haikufungwa kwenye ploti.

Na hapa ndipo tunapoweza kumjibu yule mama aliyeuliza apande wapi. Mama, panda katika gunia. Siku utakapohama, liache likauke kidogo lipungue uzito, uite vijana wawili wenye mkokoteni, na bustani yako itaondoka pamoja nawe. Wala usipande kandokando ya mto ili tu kupata udongo wa bure, kwa maana uhai wako na wa watoto wako wamtukuza Mungu kuliko kabichi. Lakini panda. Kwa kuwa mtu asiyepanda chochote kwa sababu atahama, hata akihama hatapanda, na maisha yake yote yatapita akiwa njiani.

Tena ziko habari za bustani nyingine ambayo wakubwa wetu wapaswa kuisikia. Katika 1 Wafalme, sura ya 21, mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi kwa kuwa lilikuwa karibu na nyumba yake. Mwakumbuka alitaka kulifanya nini? Alitaka kulifanya bustani ya mboga! Kwa ajili ya mboga za mfalme, mtu mmoja alipigwa mawe. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kuwa na makao yanayofaa, ya kutokuwa na njaa, na ya kupata maji safi ya kutosha. Basi, wale waliopewa mamlaka ya kupima ardhi ya mji huu, na wakumbuke kwamba Mungu aliyemwona Nabothi humwona pia mpangaji wa Kiamaiko. Kuwaondoa watu mahali pa hatari ni jambo jema, ikiwa wameonyeshwa mahali pengine pa kwenda. Kuwaondoa tu, na kuwaacha barabarani kwenye mvua, si hekima wala si haki. Kanisa likinyamaza juu ya hilo, maombi yake ya kuomba mvua hayatakuwa na maana.

Wala hatusemi kwamba gunia la sukuma wiki litaondoa umaskini wa mtaa. Halitalipa kodi ya nyumba wala karo ya shule. Lakini mboga za jioni mara tatu kwa juma ni fedha iliyobaki mfukoni, na mtoto anayeona mche ukiota katika ua wa saruji amejifunza jambo ambalo hatalisahau. Marehemu Profesa Wangari Maathai, alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alianza na kina mama na miche michache. Wapo waliomcheka. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Waliompa waliona kwamba mwenye kupanda ni mwenye kufanya amani, na Yeremia alikuwa ameliona hilo zamani.

Basi, juma hili, kabla mawingu hayajakusanyika, tufanye mambo machache. Tafuta gunia moja na mkebe mmoja. Tazama jua linakaa wapi. Anza kurundika samadi, au mwombe aliye nayo iliyokwisha kuoza. Tia mbegu kitaluni, katika beseni bovu lenye matundu. Tengeneza mfereji mmoja wa bati chini ya paa, na kifuniko cha pipa. Kisha bisha mlango wa jirani mmoja ambaye hamjasalimiana tangu Krismasi, umwambie unachokusudia. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anatuonyesha mkulima anayevumilia akingoja mvua ya kwanza na ya mwisho. Mkulima yule hawezi kuivuta mvua kwa kamba. Lakini itakapokuja, itamkuta na mbegu udongoni.

Tuombe.

Ee Mungu, Baba yetu, uliyempanda mwanadamu wa kwanza katika bustani, utuangalie sisi tunaokaa mahali pasipo na bustani. Utupe mvua kwa kipimo chake, isipungue ikatuua kwa njaa, wala isizidi ikatuchukua usiku. Uwalinde walalao kando ya mto. Uwafariji waliofiwa na waliobomolewa. Uwape watawala wetu haki, na majirani wetu amani. Ubariki magunia yetu, mapipa yetu na mikono yetu. Utufundishe kukungoja wewe tukifanya kazi, hata ututimizie ahadi yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Mungu na ikae pamoja nanyi nyote, hapa Kiamaiko na popote mnapotusikiliza. Kwaherini.